Mapeasi ya Augustino: tafakari kabla ya kufunga shule



Wapendwa vijana wenzangu, naandika haya Jumatano usiku, vumbi la vitabu bado liko puani. Wiki hii ya mwisho kabla ya likizo, shule imebaki jina tu. Mitihani ya kufunga muhula iliisha Ijumaa, walimu wamejifungia ofisini na marundo ya karatasi, na sisi tunafanya zile kazi ambazo mwaka mzima hazifanyiki: kufyeka nyuma ya bweni, kusugua masufuria makubwa ya jikoni, kuhesabu viti. Prepo ya usiku ipo, lakini nani anasoma? Watu wanapanga tranka, wanauliziana nauli, wanabishana nani atashukia wapi. Hapa Iringa mvua zimeanza, nguo hazikauki, na kila mtu anataka afike nyumbani na angalau shati moja jeupe.

Mimi na wenzangu wanne wa TYCS tulipangiwa maktaba. Sista anayeitunza alitupa daftari kubwa la orodha, akatuambia tuhesabu kitabu kimoja kimoja. Kilichochanika tukitenge, kisichokuwemo kwenye orodha tumwite. Jumatatu mchana, kwenye rafu ya chini kabisa, nyuma ya atlasi za zamani, nikatoa kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, kurasa zimelegea. Nikampelekea Sista nikijua kinaenda kwenye rundo la vilivyochanika.

Akakigeuza, akatabasamu. "Huyu ni Augustino. *Maungamo*. Usikitenge, kisome."

"Sawa Sista, nitakisoma likizo."

"Anza leo. Kitabu cha Kwanza ni cha mwanafunzi, Kitabu cha Pili ni cha mtu aliye likizo. Vyote viwili ni vyako."

Nilidhani ni maneno tu ya kunipa moyo. Kumbe alikuwa ananieleza yaliyomo.

Nieleze kidogo kwa ambao hawajakutana nacho. Mtakatifu Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 huko Thagaste, mji mdogo wa Afrika ya Kaskazini ambao leo ni Souk Ahras, nchini Algeria. Mama yake ni yule Mtakatifu Monika ambaye akina mama wa parokia zetu wanamjua vizuri kuliko sisi. Augustino alibatizwa na Askofu Ambrosi huko Milano, katika mkesha wa Pasaka mwaka 387, akiwa na miaka 32. Alirudi Afrika, akawa askofu wa Hippo, akafariki huko tarehe 28 Agosti 430. *Maungamo* aliyaandika akiwa tayari askofu, mtu wa miaka zaidi ya 40. Yamegawanywa katika vitabu 13, na muda wote anaongea na Mungu, haongei na wewe. Wewe msomaji ni kama mtu aliyekaa benchi la nyuma kanisani, anamsikia mwenzake akisali kwa sauti bila kujua kuwa kuna mtu.

Mimi nimekulia Mwanza, na jina la Mtakatifu Augustino nililiona kwenye daladala kabla sijajua kusoma vizuri, kwa sababu ya chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe. Kwangu Augustino kilikuwa kituo cha kushukia. Baada ya Papa Leo XIV kuchaguliwa tarehe 8 Mei 2025, tukaambiwa naye ni wa shirika la Waaugustino, nikasema kumbe ni mtu mkubwa. Lakini kusoma sikusoma.

Basi nikaanza Kitabu cha Kwanza usiku ule ule wa Jumatatu. Nilitegemea maono na malaika. Nikakutana na fimbo.

Kweli kabisa. Augustino anasimulia kwamba sala zake za kwanza za bidii, akiwa mtoto mdogo, zilikuwa za kumwomba Mungu asichapwe shuleni. Anachapwa, anasali, anachapwa tena, na watu wazima, wazazi wake wakiwemo, wanamcheka. Nilicheka mwenyewe kitandani hadi wa kitanda cha juu akauliza kuna nini. Mwanafunzi gani hajawahi kusali sala hiyo mwalimu wa Hesabu akiwa anapita kati ya madawati? Mtoto huyo anapenda mpira kuliko masomo, na anachapwa kwa sababu ya mpira. Anaongeza jambo ambalo mwanafunzi angeogopa kulisema: mwalimu yule yule aliyemchapa, akishindwa na mwalimu mwenzake kwenye ubishi mdogo, alikuwa anaumia kuliko mtoto aliyefungwa mpirani. Anapenda Kilatini, anachukia Kigiriki. Anaiba vyakula nyumbani ili awape watoto wenzake wamruhusu kucheza na vitu vyao. Kwenye michezo anadanganya ili ashinde, lakini akimkamata mwingine anadanganya, anakuwa mkali kama simba.

Pale kwenye Kigiriki nilisimama. Mimi niko kidato cha tano, HKL, na somo ninalolikimbia nalijua, sitalitaja maana mwalimu wake ananipenda. Ila kilichonishika zaidi ni habari ya Dido. Shuleni kwao walisomeshwa shairi la Vergili, na ndani yake kuna malkia Dido anayejiua baada ya kuachwa na Aeneas. Augustino kijana alimlilia sana huyo malkia. Sasa askofu anakumbuka na kujishangaa: alikuwa na machozi ya kumlilia mtu wa kwenye kitabu, na hakuwa na hata tone kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe iliyokuwa inapotea.

Baadhi ya watu husoma hapo wakasema, unaona, watakatifu wanakataza riwaya. Sikubaliani nao. Augustino hasemi kwamba hadithi ni mbaya. Anasema aliumia pale pasipomgharimu kitu. Hilo nalijua kwa sababu muhula huu nimesoma *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi. Kuna Yasmin, msichana mdogo aliyeozwa kwa mzee, anatoroka, anakwenda kwao, na watu wake wenyewe wanamfungia mlango. Nilikasirika! Darasani nilisimama nikatoa hoja kwa dakika tano nzima kuhusu jamii inayomtupa mtu wake anapoanguka. Mwalimu akasema, vizuri, kaa. Nikakaa nikijiona mtu mwenye huruma.

Usiku ule wa Jumatatu, nikiwa na tochi chini ya shuka, nilikumbuka hoja yangu ile na uso ukawaka moto. Nitaeleza kwa nini.

Kitabu cha Pili kina sura 10 fupi tu. Augustino ana miaka 16. Alikuwa anasoma Madaura, mji wa jirani, lakini amerudishwa nyumbani Thagaste kwa sababu baba yake, Patricius, anatafuta pesa za kumpeleka Karthago. Patricius hakuwa tajiri. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye ndoto kubwa juu ya mwanawe, na watu mjini walimsifu kwa kujinyima kiasi kile kwa ajili ya ada. Kwa hiyo kijana yuko nyumbani, hana shule, hana kazi, anasubiri.

Wenzangu mliomaliza kidato cha nne, si mnaijua hali hii? Unamaliza mtihani Novemba. Matokeo yanatoka Januari. Majina ya waliochaguliwa kidato cha tano unayasubiri hadi katikati ya mwaka, na shule unaripoti Julai. Miezi minane uko mtaani. Asubuhi unalala, mchana unatumwa dukani, jioni kijiweni. Mama anakwambia tafuta cha kufanya, unamwambia nasubiri selection. Augustino pia alikuwa na mama aliyemuonya. Monika alimwita faraghani akamsihi aache uasherati, naye akayaona hayo ni maneno ya kike, angeona aibu kuyafuata. Vijana wenzake walikuwa wanajisifia maovu yao, na yeye, kwa kuogopa kuonekana mshamba, alikuwa anabuni maovu ambayo hata hakuyafanya ili asidharauliwe. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Miaka zaidi ya 1,600 imepita, na ukikaa kijiweni chetu utasikia vijana wakisimulia safari ambazo hawakwenda na wasichana ambao hata salamu hawajawahi kuwapa.

Halafu usiku mmoja linatokea jambo la mapeasi. Karibu na shamba la mizabibu la kwao kulikuwa na mti wa mpeasi wa mtu mwingine, umejaa matunda. Matunda yenyewe, anasema, hayakuwa mazuri kwa rangi wala kwa ladha. Vijana walikuwa wamecheza nje hadi usiku mkubwa kama ilivyokuwa desturi yao, wakaenda wakautikisa ule mti, wakabeba mzigo mkubwa. Si wa kula. Waliyaonja labda machache, mengine yote wakayatupia nguruwe. Nyumbani kwao Augustino alikuwa na mapeasi bora kuliko hayo.

Basi. Hayo ndiyo aliyoiba. Na askofu mzima anayatumia hayo mapeasi kwa zaidi ya nusu ya Kitabu cha Pili! Wa kitanda cha juu nilipomweleza alisema, "Sasa hapo dhambi iko wapi, mbona sisi maembe ya shule tunamaliza kila mwaka?" Nami mwanzoni nilifikiri hivyo hivyo. Lakini Augustino hahesabu bei ya tunda. Anatafuta sababu. Mwizi wa njaa ana njaa. Muuaji anataka mali, au analipa kisasi, au anaogopa. Yeye hakuwa na njaa, hakuwa na kisasi, hakutaka hata kuyala. Anachimba, anachimba, na mwisho anafika kwenye jambo moja analolirudia kwa uchungu: angekuwa peke yake asingefanya. Alichokipenda ni kufanya pamoja na wenzake. Mmoja anasema twendeni, na hapo hapo kila mmoja anaona aibu kuwa na aibu.

Sasa niseme la kwangu.

Mwaka jana tulipomaliza kidato cha nne tulikuwa vijana tisa wa parokia moja, karibu wote wa kwaya ya vijana. Tukafungua grupu la WhatsApp. Mimi nilikuwa natumia simu ya kaka. Mwenzetu mmoja, ambaye jina lake halitakuwemo humu, tulikaa naye dawati moja tangu darasa la tano. Nyumbani kwao nimekula zaidi ya kwetu. Alikuwa anaimba besi, na alikuwa na kawaida ya kusinzia mazoezini kwa sababu alfajiri alikuwa anamsaidia mama yake kubeba dagaa. Siku moja nilimpiga picha amelala, mdomo wazi, kichwa kimeegemea kinanda.

Matokeo yalipotoka Januari, alipata ziro. Mimi nilipata daraja la pili. Jioni ile nilitoa ile picha, nikaikata vizuri, nikaandika pembeni sifuri kubwa, nikaifanya stika. Hakuna aliyenituma. Sikuwa na ugomvi naye. Nilimpenda, na bado nampenda. Nikamtumia rafiki yetu mwingine peke yake, nikiweka vile vikatuni vya kucheka. Yeye akaitupia kwenye grupu. Ndani ya dakika kumi watu saba walikuwa wanacheka. Nilipata nini? Nilipata vicheko saba ambavyo hata havikuwa na jina langu.

Usiku ule akatoka kwenye grupu. Jumapili hakuja kwaya. Jumapili iliyofuata pia. Nilimfuata nyumbani nikajifanya namjulia hali, na hapo ndipo dhambi yangu ilipozaa nyingine. Tulikaa nje kwenye mawe, akaniambia anajua nani aliyeitengeneza, akamtaja yule rafiki yetu aliyeituma. Wale wawili walikuwa kama ndugu, wamepata Kipaimara siku moja. Akasema hatamsalimia tena maisha yake yote. Kisha akaniambia, "Angalau wewe hukucheka."

Nikanyamaza.

Kwenye grupu kweli sikucheka. Nilikuwa nimeshacheka kabla yao wote. Nikanyamaza siku ile, nikanyamaza hadi Julai nilipokuja shule, na yule rafiki mwingine naye hakunitaja, nadhani kwa uungwana, ingawa analaumiwa kwa kazi yangu. Wawili hao hawasalimiani mpaka leo. Mmoja anabeba mizigo mwaloni Kirumba, mwingine anasoma ufundi, na mimi nasimama darasani natoa hoja juu ya Yasmin.

Kwa hiyo mniwie radhi kama sikuendelea kucheka mapeasi.

Jana jioni Padre alikuja kutuungamisha, kama kila mwaka kipindi hiki cha Majilio kabla hatujatawanyika. Yeye amefungwa na siri ya kitubio, mimi sijafungwa, nami nasema la kwangu tu. Tangu Januari nilikuwa nimeungama mara kadhaa, na kila mara nilisema "nimemdhihaki mwenzangu," haraka haraka, katikati ya kukosa sala za jioni na kumjibu mama vibaya. Safari hii niliieleza yote. Nilitegemea ataniuliza kama najuta. Aliniuliza kitu kingine: "Yeye anajua kuwa ni wewe?" Nikasema hajui. Akauliza tena, taratibu, "Na yule anayesingiziwa, nani anamlipa jina lake?"

Nilikuwa nadhani nikishaondolewa dhambi, mambo yamekwisha. Leo asubuhi nikafungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki hapo hapo maktaba, namba 2487. Inafundisha kwamba kila kosa dhidi ya haki na ukweli linamdai aliyelitenda afanye malipizi, hata kama amekwisha kusamehewa. Na kama umemharibia mtu jina, unadaiwa kulirekebisha kadiri uwezavyo, hata lile lisilolipika kwa pesa. Hiyo "hata kama amekwisha kusamehewa" nimeisoma nikiwa nimesimama, nimeshika ngazi ya rafu. Msamaha wa Mungu umenipatanisha naye, lakini haujawapatanisha wale wawili. Hiyo kazi imeachwa kwangu. Na Bwana wetu kwenye Injili ya Matayo, sura ya 5, anamwambia mwenye kuleta sadaka altareni kwamba akikumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale, aende kwanza. Angalieni, hasemi kama wewe una neno na ndugu yako. Anasema kama *yeye* ana neno nawe. Mimi ni mwanakwaya. Nimekuwa nikiimba wakati wa vipaji karibu mwaka mzima.

Nilipomweleza Sista kwamba nimemaliza Kitabu cha Pili (haya mengine sikumweleza), alisema niruke Kitabu cha Tatu kwa sasa nisome sura ya 4 ya Kitabu cha Nne, halafu nimrudishie kabla ya kufunga maktaba. Nimeisoma leo baada ya chakula cha mchana. Augustino alikuwa na rafiki Thagaste, wamekua pamoja, wamesoma pamoja, wamecheza pamoja. Rafiki akashikwa na homa kali, akapoteza fahamu, akabatizwa akiwa hajitambui. Alipopata nafuu, Augustino, ambaye wakati huo alikuwa mbali na imani, akaanza kuufanyia mzaha ule ubatizo, akiamini rafiki yake atacheka pamoja naye. Rafiki hakucheka. Alimtazama kama adui, akamwambia wazi kwamba kama anataka waendelee kuwa marafiki aache maneno hayo. Augustino akaduwaa. Akajiambia atanyamaza kwanza hadi mwenzake apone, halafu wataongea vizuri. Siku chache baadaye homa ikarudi, rafiki akafa, na Augustino hakuwepo.

Jina la rafiki huyo hakulitaja popote. Sijui kwa nini, ila nimejisikia kumshukuru.

Tazameni mtu mwenyewe alivyokuwa. Akiwa na miaka 16 anatupa mapeasi kwa sababu wenzake wapo. Akiwa kijana mkubwa kidogo anamdhihaki rafiki kwa sababu anaamini kila kitu kinachekeka. Ni huyo huyo. Na lile la "nitaongea naye akipona" mimi nimelisema miezi kumi na moja. Nitaongea naye nikimaliza joining instruction. Nitaongea naye likizo ya Septemba, ambayo sikwenda nyumbani, nauli ilikuwa kubwa. Nitaongea naye akipoa.

Kwa wanaotaka kusoma *Maungamo* likizo hii, ushauri wangu ni mdogo. Msianze mkidhani mtamaliza vitabu vyote 13. Vile vya mwisho vinaongelea wakati na uumbaji, na vinahitaji mwalimu. Kitabu cha Kwanza kinasomeka kwa siku mbili au tatu. Cha Pili unakimaliza kwenye basi kama huna usingizi. Someni mkiwa na kalamu, na kila anapomwambia Mungu jambo alilolifanya akiwa na umri wenu, simameni muulize, mimi hili nimelifanyia wapi? Kama jumuiya yenu ya vijana inakutana Desemba, someni sura ya 4 hadi ya 9 ya Kitabu cha Pili kwa pamoja, kisha muulizane swali ambalo kwetu lilizua ubishi hadi kengele ya kulala: kuna jambo gani ambalo ungekuwa peke yako usingelifanya? Wengine watataja mabaya. Mmoja wetu alitaja jema, kwamba peke yake asingeweza kusali rozari kila siku, anaisali kwa sababu tupo watano. Hilo Augustino pia alilijua, maana baadaye aliishi na kufa katika jumuiya.

Na wale wenye simu, likizo ikianza magrupu yanafufuka. Matokeo ya wadogo zetu wa kidato cha pili na cha nne yako njiani. Mnajua namba za mtihani za wenzenu, kama nilivyozijua mimi.

Kesho Alhamisi saa kumi na moja alfajiri tunatoka. Iringa hadi Mwanza ni mbali: Dodoma, Singida, Shinyanga, unafika miguu imevimba. Nilianza kumwandikia barua nimpe mdogo wake ampelekee, nikaichana. Barua ingeniruhusu nisimwone usoni. Namba yake sina tena, alibadilisha laini. Yule rafiki mwingine nitamfuata Ijumaa jioni nikishapumzika, nimwambie kwamba ninakwenda kusema, na kama atataka twende wote, sawa, kama hatataka, sawa vilevile. Nimemwomba anayepokea makala zetu asiitoe hii hadi Jumapili, ili mwenzangu asije akaisoma kabla hajaisikia mdomoni mwangu.

Kwao nakufahamu vizuri. Unashuka kituoni, unapandisha kati ya yale mawe makubwa, unapita bomba la maji, mlango wa tatu. Mama yake atanikaribisha chakula kabla sijakaa, ndivyo alivyo, na nimeamua nisile chochote mpaka niwe nimesema. Jumamosi anarudi kutoka mwaloni kwenye saa nane mchana. Nitakuwa pale saa saba na nusu, kwenye yale mawe tuliyokalia.

Mniombee.